Pikapu ya umeme yenye kasi ya ajabu: Ipimwe vipi kabla ya kuletwa Masumbwe?

Video za pikapu za umeme zikiyaacha magari ya mashindano zinazunguka sana kwenye simu. Kwa mchimbaji au mfanyabiashara wa Masumbwe, wilayani Mbogwe mkoani Geita, aliyepata hela ya dhahabu na anataka kuachana na Hilux ya dizeli, kasi siyo swali la kwanza. Swali ni moja: gari litafika na mzigo, na litarudi?

Kwa ufupi

• Nguvu kubwa haimaanishi kubeba mzigo mkubwa.
• Umeme wa LUKU ni nafuu kuliko dizeli, lakini kuchaji nyumbani kunaweza kuchukua siku mbili.
• Pikapu zenye kasi zaidi zimetengenezwa kwa ajili ya Marekani, usukani uko kushoto.
• Pikapu ya umeme ya kazi, yenye nguvu ndogo, inaweza kufaa zaidi.

Nguvu zipo kweli

Rivian R1T, iliyoanza kufika kwa wateja Marekani mwaka 2021, ilitoka na mota nne na nguvu farasi 835. Inatoka sifuri hadi kilomita 96 kwa saa kwa takriban sekunde 3. Toleo la juu la Tesla Cybertruck, gari lililoanza kukabidhiwa kwa wateja mwishoni mwa 2023, lina nguvu farasi 845. Hilux ya dizeli ya lita 2.8 ina 204.

Mota ya umeme haisubiri mzunguko upande. Ukikanyaga tu, nguvu yote iko kwenye tairi. Kwenye tope au mlima wa kifusi hiyo ni faida, kwani kompyuta hugawa nguvu kwa kila tairi haraka kuliko mguu wa dereva.

Lakini sekunde 3 hazina kazi kwenye barabara ya kwenda kwenye maduara.

Mzigo: hapa ndipo wengi wanashangaa

R1T ina uzito wa takriban tani 3.2 ikiwa tupu, kwa sababu betri yenyewe ni nzito. Matokeo yake, inaruhusiwa kubeba takriban kilo 800 tu, abiria wakiwemo.

Linganisha na Isuzu D-Max EV, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Bangkok mwaka 2024. Ina nguvu farasi kama 190 tu, lakini inabeba tani moja na kuvuta tela la tani 3.5. Kwa mtu wa kupeleka mawe karasha, matimba machimboni au mchele sokoni, ya pili ndiyo gari la kazi.

Umbali: toa nusu ukivuta tela

Kipimo rasmi cha Marekani kiliipa R1T yenye betri ya uniti 135 umbali wa kilomita 505 kwa chaji moja. D-Max EV ina betri ya uniti 66.9 na kipimo cha Ulaya cha kilomita 263.

Hivyo ni vipimo vya gari lisilo na mzigo. Majaribio huru yaliyofanywa Marekani kwa pikapu za umeme zinazovuta tela kubwa yameonesha umbali ukishuka kwa karibu nusu, wakati mwingine zaidi. Barabara ya vumbi, kiyoyozi na mwendo mkali navyo vinakula chaji.

Kwa Masumbwe, Kahama na kurudi inawezekana kwa D-Max EV. Mwanza na kurudi bila kuchaji njiani haiwezekani, hata gari likiwa tupu.

Kuchaji: bei nzuri, muda mrefu

Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO asiye kwenye kundi la matumizi madogo, uniti moja ni takriban shilingi 356, kodi na tozo zikiwemo. Kuijaza R1T kunahitaji kama uniti 150, kwa kuwa umeme kiasi hupotea wakati wa kuchaji. Hiyo ni kama shilingi 53,400.

Hilux inayokula lita 10 kwa kilomita 100 itatumia lita 50 kwenda kilomita 500. Tukichukulia dizeli ni shilingi 2,800 kwa lita, ni shilingi 140,000. Bei ya dizeli hubadilika kila mwezi EWURA inapotangaza bei kikomo, lakini tofauti inabaki kubwa.

Shughuli iko kwenye muda:

• Soketi ya kawaida (kilowati 3): R1T karibu saa 50, D-Max EV karibu saa 25.
• Chaja ya ukutani (kilowati 7): R1T karibu saa 21, D-Max EV karibu saa 11.

Chaja ya ukutani inahitaji nyaya nene, ethi nzuri na fundi anayejua. Kuchomeka kwenye ekstensheni ya dukani usiku kucha ni kutafuta moto.

Umeme ukikatika, je? Jenereta ya dizeli hutoa kama uniti 3 hadi 3.5 kwa lita. Kupata uniti 150 kutakula karibu lita 45, sawa na Hilux tu. Akiba yote inaishia hapo. Sola ya kilowati 10 inaweza kutoa uniti 40 hadi 50 siku ya jua zuri, ila gari lazima lipaki mchana.

Usukani, spea na bei

Rivian inauza R1T Marekani na Kanada. Usukani wake uko kushoto, na sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara. Njia kuu ya Kahama, Masumbwe hadi Lusahunga imejaa malori ya Rwanda na Burundi. Dereva aliyekaa upande wa pili analazimika kulitoa gari karibu lote ndiyo aone kinachokuja mbele. Hiyo ni hatari ya kila siku.

Plagi za kuchajia za Marekani pia ni tofauti na za Ulaya, na bodi ikiharibika, programu na spea ziko mbali.

Bei nayo ni takriban dola 70,000 hukohuko Marekani, yaani zaidi ya shilingi milioni 150, kabla ya usafiri na kodi za TRA. Kwa hesabu ya hapo juu, gari likitembea kilomita 20,000 kwa mwaka, akiba ya mafuta ni kama shilingi milioni 3.5. Mafuta peke yake hayarudishi hela hiyo.

Wanaotumia tayari

Ukanda huu siyo mgeni. Kampuni ya Opibus ya Nairobi, sasa Roam, ilianza mwaka 2017 kwa kubadilisha Land Cruiser za dizeli ziwe za umeme. Upande wa Tanzania, Land Cruiser za umeme zinabeba watalii hifadhini. Mwanzoni mwa 2021, kampuni ya madini ya BHP na Toyota walitangaza majaribio ya Land Cruiser ya umeme kwenye migodi ya nikeli Australia.

Zote hizo hutembea njia fupi inayojulikana na kurudi kituo kilekile kuchaji. Kwenye mgodi wa chini ya ardhi, kama ulivyo Bulyanhulu mkoani Shinyanga, kuna faida nyingine: gari halitoi moshi, hivyo hewa ya wachimbaji inakuwa safi zaidi.

Jipime kwa wiki moja

Kabla ya kutuma hela nje, mnunuzi aandike mambo manne kwa siku saba: kilomita za kila siku, kilo za mzigo, saa ambazo gari limelala, na saa ambazo umeme umekatika. Kama siku nyingi haizidi kilomita 130 na gari linalala nyumbani saa 11, pikapu ya umeme ya kazi yenye usukani wa kulia inaweza kumfaa, mradi apatikane fundi na muuzaji wa kudumu.

Kama wiki ina safari za Mwanza zenye mzigo, dizeli bado inashinda.