Wafugaji wa Masisi

Mtu wa Kaloleni, hapa Kisumu, akitajiwa mzungu wa ng'ombe atafikiria Koru, Songhor au Muhoroni. Hao walisema Kiingereza, na njia yao ilifunguliwa kwa bunduki: Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa Oktoba 1905, kisha Wanandi wakanyang'anywa ng'ombe zaidi ya 10,000, na koo zilizokaa karibu na reli zikahamishwa. Wafugaji waliosema Kifaransa uwatafute ng'ambo ya Uganda, kwenye milima ya Masisi huko Kongo, kaskazini-magharibi ya Goma.

Kule karatasi ilifanya kazi kubwa kuliko risasi. Mwaka 1928 Wabelgiji waliokuwa wakitawala Kongo waliunda shirika la Comité National du Kivu, likaanza kuwagawia walowezi ardhi ya Wahunde, wenyeji wa Masisi. Shamba lililopumzishwa lilihesabiwa kuwa halina mwenyewe; kwa hesabu hiyo, nusu ya Afrika ingekuwa tupu! Walowezi walipanda kahawa, chai na pareto, wakafuga ng'ombe kwenye ile baridi. Kilichowapungukia ni wafanyakazi. Kati ya 1937 na 1955 serikali ikaleta Wanyarwanda wapatao 85,000, ikawatengea eneo la Gishari na chifu wao, juu ya ardhi ya machifu wa Kihunde. Mwaka 1957 utawala huo ukafutwa, lakini watu walikuwa wameshazaa na kuzika hapo.

Novemba 1973 Rais Mobutu wa Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, alitangaza kwamba mali za wageni zitapewa Wazaire. Walowezi wakaondoka, mipaka ya mashamba yao ikabaki. Waliofaidika ni wanasiasa na matajiri, wakiwemo Watutsi wengi, na malisho yakazidi kupanuka. Mkulima asiye na hati aliomba kipande cha kulima, akakilipia kwa siku za kibarua katika shamba la tajiri. Jambo moja zuri la Wabelgiji lilidumu: jibini, ambalo mapadri wao walifundisha kulitengeneza, na ambalo leo Wakongo huliita la Goma.

Machi 1993 mauaji kati ya wenyeji na Wanyarwanda yalianzia soko la Ntoto, katika wilaya jirani ya Walikale, yakaingia Masisi. Mwaka uliofuata wakaja wakimbizi wa Rwanda, na wenye silaha miongoni mwao. Ng'ombe walichinjwa, wakaibwa, wakaswagwa kuvuka mpaka. Milima ikabaki na nyasi tu. Vita vya 1998 hadi 2003 vilipopoa mifugo ikarudishwa, mingine ikiwa mali ya makamanda, na wachungaji wake wakilindwa na askari.