DUMA: albamu ya metali kutoka kwa majirani, na namna ya kusoma uhakiki wake wa Kizungu



Juzi nilikuwa kafe hapa Nzega nasikiliza albamu moja kwa sauti ya chini. Dogo wa mashine ya pembeni akanigusa: "Braza, spika zako zimepasuka." Nikamwambia hazijapasuka, ndio muziki wenyewe. Akauliza, sasa wanaimba nini? Nikafungua uhakiki wa Kiingereza tukasoma wote mpaka mwisho. Bado hakuelewa, na kusema kweli hata mimi nilibaki na maswali. Basi haya ndiyo niliyokusanya, yawe kumbukumbu.

DUMA WALIKUWA AKINA NANI?
Lilikuwa kundi la Wakenya wawili wa Nairobi: Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, ndiye aliyekuwa mwimbaji, na Sam Karugu ndiye aliyekuwa wa gitaa na mitambo. Kila mmoja alitoka kwenye bendi nyingine ya metali, wakaungana 2019. Albamu yao, inayoitwa Duma vilevile, waliirekodi Kampala kwa miezi mitatu katikati ya mwaka huo, ikatoka Agosti 2020 chini ya lebo ya Nyege Nyege Tapes. Lebo hiyo hiyo ndiyo iliyotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli ya Dar. Kwa hiyo si wageni kwetu.

METALI NI NINI?
Ni mtoto wa roki: gitaa za umeme zilizokwaruzwa makusudi, ngoma nzito, sauti ya kunguruma. Wengi wanahesabu mwanzo wake Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda, kwa albamu ya kwanza ya Black Sabbath mwaka 1970. Tawi lake la kasi kupita kiasi linaitwa graindikoo. Duma wamechukua kasi hiyo, ila ngoma nyingi zinatoka kwenye kompyuta. Mtu wa singeli ataielewa haraka kuliko mtu wa bongo fleva.

WAZUNGU WALISEMAJE?
Walisifu, likiwemo jarida la mtandaoni la The Quietus la Uingereza. Ila ukisoma, kuwa makini na vitu vitatu:

1. Jina. Lebo yenyewe inaeleza kuwa duma ni giza kwa Kikikuyu, na uhakiki wa Kizungu hufuata hapo hapo. Neno la Kikikuyu ni nduma. Lakini kwa Kiswahili duma ni yule mnyama mwenye mbio kuliko wote, na muziki wenyewe unakimbia! Halafu nduma hiyo hiyo Nairobi ni chakula, sisi tunaita magimbi. Jina moja, milango mitatu. Mwenye Kiingereza peke yake anaonyeshwa mmoja.

2. Lebo. Wanaandika kwamba Nyege Nyege ni hamu ya kucheza isiyozuilika. Ni kweli, kwa Kiganda. Sisi Waswahili tunajua hilo neno halitamkwi mbele ya mama mkwe. Msicheke sana.

3. Ushetani. Kuna wimbo unaitwa Pembe 666. Mzungu anaona ni kawaida ya metali, ni vazi la jukwaani. Ukiupiga sebuleni kwa mama, utaitiwa mchungaji au shehe. Uhakiki wa mbali haukuandai kwa hilo.

Mfano mwingine: mwaka 2024 Spikeheart alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, akimuenzi bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Field Marshal katika Mau Mau na kufariki 2023. Msomaji wa London inabidi aelezwe kwanza Mau Mau ni nini. Sisi tulisoma shuleni. Tunaanzia mbele yake.

KWA NINI NALISEMA HILI?
Kwa sababu si mara ya kwanza. Novemba 1857 Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh, Tabora ya leo, na msafara wa wapagazi. Kwenye kitabu chake cha 1860 aliandika kuwa nyimbo za watu wa huku hazina maana wala vina, ni kurudiarudia tu. Huo ndio uhakiki uliobaki kwenye maktaba mpaka leo. Maneno ya wapagazi wenyewe juu ya nyimbo zao hatuyasikii humo.

Hawa wa sasa wanasifu, Burton aliponda. Lakini tatizo ni lile lile: anayeandika ndiye anayebaki. Simkatazi mtu kusoma Kiingereza, mimi mwenyewe nasoma. Nasema ukimaliza kusoma, sikiliza kwa masikio yako, kisha andika kwa Kiswahili hata mistari mitano, ya kusifu au ya kuponda.

Yule dogo alisikiliza nyimbo mbili. Akasema: "Braza, hii ni kama mashine ya kusaga iliyokasirika." Kwangu huo ni uhakiki safi kuliko ule tuliosoma.

Wewe je? Ukumbi ni wenu hapo chini. Matusi hapana.

Tupo pamoja.