Nyumba ni Yako. Je, Umeme Nao?

Msomaji wangu, mwenye nyumba aweza kupaka rangi kuta zake, au kung'oa mlango na kutia mwingine, asiulizwe na mtu ye yote. Lakini akitwaa bisibisi na koleo, akapanda darini kutandaza nyaya za umeme, je, sheria yamruhusu? Swali hili lina historia, nayo yafaa tuifuate.

Mwaka 1882 kituo cha umeme cha Thomas Edison kilianza kuwasha taa Holborn Viaduct, mjini London. Mwaka uo huo chama cha wahandisi wa simu na umeme cha Uingereza kilitoa kanuni zake za kwanza za taa za umeme, na hofu yao kubwa ilikuwa moto. Marekani ilipata kanuni zake za taifa mwaka 1897. Waona basi kwamba kanuni na taa ni karibu umri mmoja.

Lakini namna ya kufanya kazi ni jambo moja; nani aifanye ni jambo jingine. Hapo nchi ziliachana njia. Katika Uingereza na Wales, kwa miaka zaidi ya 100, mwenye nyumba hakuzuiwa kutia nyaya zake mwenyewe. Tangu tarehe 1 Januari, 2005, bado anaruhusiwa, ila kazi kubwa, kama kutandaza njia mpya ya umeme, sharti ipate kukaguliwa na wenye mamlaka ya ujenzi. New Zealand, kwa sheria ya mwaka 1992, humwachia mwenye nyumba atie nyaya, lakini haziunganishwi na umeme mpaka mkaguzi azipime. Australia imefunga mlango: kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni tu.

Na kwetu Kenya? Kampuni ya umeme ya Mombasa iliundwa mwaka 1908, na mwaka 1922 ikaungana na ya Nairobi, ikazaliwa East African Power and Lighting. Leo Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 yataka kazi ya kutia umeme nyumbani ifanywe na fundi mwenye leseni. Kubadili globu iliyoungua si kosa. Kutandaza nyaya bila leseni ni kosa, hata kama nyumba ni yako.

Huenda ukasema, "Huu ni uonevu! Fundi ataka fedha, na mimi mikono ninayo." Mgala muue na haki yake mpe: neno lako lina uzito, maana gharama ya fundi humwelemea maskini. Lakini fikiri hivi. Fyuzi ya ampea 13 huulinda waya, haikulindi wewe. Umeme wa sehemu 30 tu katika 1,000 za ampea waweza kuutikisa moyo wa mtu, na fyuzi hiyo hupitisha zaidi ya mara 400 ya kiasi hicho bila kukatika. Tena, kiungo kilicholegea darini hakipigi kelele. Hupata moto kidogo kidogo, labda miaka mingi, hata usiku mmoja mbao zikashika. Siku hiyo aliyekifunga huenda amekwisha kuhama, na wanaolala chini ya dari hiyo ni wapangaji na watoto wao, ambao hawakuulizwa.

Hiyo ndiyo sababu sheria huingia nyumbani mwako. Nchi hizi hazikupatana juu ya nani ashike bisibisi, lakini zote zaona kwamba hatari haiishii kwa mwenye nyumba. Basi, kijana, ukiupenda umeme, jifunze, ufanye mtihani, upate leseni. Siku hiyo utapanda darini kwa haki, na wengine watalala salama chini yako.