Mtu wa Vijiti: Juu ya Kuzisoma Ramani za Galaksi

Neno ramani lina jamaa yake katika Kiarabu cha mabaharia, nalo ni rahmani, litokalo katika Kiajemi rahnama, yaani mwongoza njia. Rahmani ya manahodha wa Omani na Ghuba ilikuwa kitabu, wala si picha. Ilitaja matlai ya nyota, urefu wake juu ya upeo, majira ya pepo na bandari; na asiyejua kuisoma hakupata faida yoyote kwa kuitazama. Maana hiyo ya kale yafaa ikumbukwe na kila azitazamaye ramani za galaksi ambazo wanafalaki wamezitengeneza tangu miaka ya 1970, maana nazo huonekana kama picha, lakini kwa hakika ni maandishi.

Mbingu humpa mtazamaji vipimo viwili tu, yaani upana na urefu. Kipimo cha tatu, kile cha kina, hakionekani kwa jicho wala katika picha ya darubini. Hapana budi kitolewe katika nuru yenyewe. Mwaka 1912 Vesto Slipher, huko Flagstaff katika Arizona, aliipasua nuru ya Andromeda katika rangi zake, akapima jinsi mistari yake ilivyosogea. Mistari ikisogea upande wa wekundu, chombo kinakwenda mbali. Ikisogea upande wa buluu, kinakaribia. Andromeda ilikuwa ikikaribia, lakini nyingi nyinginezo alizozipima baadaye zilikuwa zikienda mbali. Lemaître katika mwaka 1927, na Hubble katika mwaka 1929, wakaonyesha kwamba mwendo huo huzidi kadiri umbali unavyozidi. Kwa hesabu za leo, kila miaka ya nuru milioni moja huongeza mwendo wa kilomita 20 na kidogo kwa kila sekunde. Basi, apimaye mwendo amepata na umbali. Ama hudhani kuwa ameupata.

Katika mwaka 1986 Valérie de Lapparent, Margaret Geller na John Huchra, wa kituo cha falaki cha Harvard na Smithsonian, walichapisha mchoro wa ukanda mmoja wa mbingu, wenye nyuzi 117 kwa urefu na nyuzi 6 kwa upana. Ndani yake mlikuwa na galaksi zipatazo 1,100. Mchoro ulikuwa na umbo la upepeo uliokunjuliwa, na sisi watazamaji tumekaa mahali pa mpini. Galaksi hazikutapakaa sawasawa. Zilikaa kama zilizo juu ya ngozi za mapovu makubwa, na ndani ya mapovu hamkuwa na kitu, au karibu hamkuwa na kitu. Na katikati, bila ya mtu kukusudia, palionekana sanamu ya mtu wa vijiti, kama achorwavyo na mtoto mchangani, aliyesimama na mikono ameinyosha.

Sanamu hiyo ikapata sifa kubwa. Lakini kiwiliwili cha mtu yule hakiko mbinguni. Mahali pale pana kundi la Coma, lenye galaksi zaidi ya elfu moja zilizobanana na kuzungukana kwa nguvu ya uzito wao. Galaksi mbili zikiwa jirani humo, moja ikija upande wetu kwa kilomita 1,000 kwa sekunde na nyingine ikienda upande wa pili kwa kasi hiyo hiyo, mchoro utaziweka zimetengana kwa miaka ya nuru karibu milioni 90. Hivyo kundi lililo kama mpira huvutwa likawa kama kidole kirefu. Wanafalaki huviita vidole vya Mungu, na jina hilo lina kejeli yake, kwani vidole vyote, popote vilipo, humwelekea mtazamaji wa duniani. Jambo lolote la mbinguni lionekanalo kutuelekea sisi peke yetu lastahili kushukiwa.

Waandishi wa mchoro hawakumdanganya mtu. Kandokando yake waliandika kipimo cha mwendo, kwa kilomita na sekunde, wala hawakuandika umbali. Ni wasomaji waliofanya tafsiri hiyo kimoyomoyo. Mwenye kueleza michoro ya namna hii kwa Kiswahili, akiliita umbali lile ambalo mchoro wenyewe unaliita mwendo, ameshamkabidhi msomaji wake kiwiliwili kisichokuwako.

Kuna na kimya cha namna mbili katika ramani hizi. Mahali pengine ni patupu kwa sababu hapana galaksi. Pengine ni patupu kwa sababu vumbi la galaksi yetu limeziba, au kwa sababu zilizo mbali ni hafifu mno kwa darubini. Wino hauonyeshi tofauti hiyo.

Mikono ya mtu yule, hata hivyo, ni ya kweli. Mwaka 1989 Geller na Huchra walionyesha kuwa ni sehemu ya ukuta wa galaksi wenye urefu wa miaka ya nuru ipatayo milioni 500. Lakini nayo haikusalimika kabisa. Nick Kaiser alieleza mwaka 1987 kwamba galaksi zinazovutwa kuelekea ukuta, za upande wa karibu na za upande wa mbali, huonekana zimeukaribia kuliko zilivyo, na ukuta huchorwa mwembamba kupita kiasi.

Kosa hilo limekuwa na thamani kuliko usahihi uliotafutwa. Kadiri ukuta unavyobanwa katika mchoro, ndivyo mvuto ulivyo mkubwa. Kwa hiyo upotofu wa ramani hupima kiasi cha maada kilichoko. Mwaka 2001 John Peacock na wenzake waliupima kwa galaksi zaidi ya 140,000 zilizoandikwa kwa darubini ya Siding Spring, Australia. Huko New Mexico, tangu mwaka 2000, wafanyakazi walikuwa wakitia kwa mikono nyuzi za kioo 640 katika matundu ya sahani za alumini, kila tundu kwa chombo kimoja cha mbinguni. Juu ya mlima Kitt Peak, Arizona, upimaji ulioanza mwaka 2021 hutumia nyuzi 5,000, na kila uzi husogezwa na mtambo wake. Vidole vingali vimo katika ramani hizo, navyo havifutwi; huhesabiwa.