Safari ya Kampala hadi Nakivale: jinsi ya kuwaandaa watoto

Shule zikifungwa, familia nyingi za wakimbizi wanaoishi Kampala huenda Nakivale kuwaona ndugu. Hadi Mbarara ni karibu kilomita 270, kisha unatafuta gari lingine la kukufikisha makazini, wilayani Isingiro. Kwa mtu mzima ni uchovu wa siku moja. Lakini mtoto aliyefika Uganda akikimbia vita akiona mizigo inafungwa anaweza kukumbuka siku mliyoacha nyumba. Kwa hiyo, anza na mazungumzo kabla ya mizigo.

Mwambie ukweli mapema

Siku mbili au tatu kabla ya safari, mweleze mnakwenda wapi, mtafikia kwa nani na mtarudi lini. Usimfiche kwa kuogopa kwamba atalia. Kama tarehe ya kurudi haijulikani, mwambie hivyo hivyo. Kama mtarudi, mwache achague kitu chake kimoja kitakachobaki nyumbani kumsubiri. Kitamsaidia kuamini kwamba safari hii ni ya kwenda na kurudi.

Mfundishe kujitambulisha

Vituo vya mabasi vya Kampala, kama Kisenyi na Namirembe, vina msongamano mkubwa, na mtoto hupotea kwa dakika moja. Kabla ya safari, hakikisha anaweza kusema:

- jina lake kamili;
- jina lako kamili, si “mama” au “baba” tu;
- namba yako ya simu.

Kwa mtoto mdogo, andika namba hiyo kwenye karatasi na uiweke mfukoni mwake. Usiandike jina lake juu ya nguo, maana mtu asiyemjua anaweza kumwita kwa jina na kumdanganya. Kubalianeni pia: akipotea, asimame palipo na watu na amwambie askari au mwenye duka. Asipande gari wala boda boda na mtu yeyote.

Karatasi za kubeba

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kutembea nchini. Hata hivyo, beba kitambulisho chako, karatasi ya familia na kadi ya chanjo ya mtoto. Ukisafiri na mtoto wa ndugu, omba barua ya mzazi wake na ya mwenyekiti wa LC1. Piga picha za karatasi zote kwa simu.

Siku ya safari

- Panda basi la asubuhi, ili mfike Nakivale kabla ya giza.
- Mpe mtoto chakula chepesi. Vyakula vya mafuta mengi huongeza kichefuchefu.
- Mtoto anayetapika akae viti vya mbele, na uwe na kavera mkononi.
- Mpeleke chooni kabla ya kuondoka, na umuulize kondakta basi litasimama wapi.
- Msipokee chakula wala kinywaji kutoka kwa abiria msiyemjua.

“Tutafika saa ngapi?”

Badala ya kujibu “bado kidogo” kila mara, mpe alama za kutafuta dirishani: mstari wa ikweta pale Kayabwe, wachuuzi wa nyama choma na gonja Lukaya, kisha Masaka, ambayo iko karibu nusu ya njia ya kwenda Mbarara. Baada ya Lyantonde, ahesabu ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Mtoto anayejua alipo huogopa kidogo.

Ukihitaji msaada

Mtoto akipotea, mjulishe kondakta au askari wa kituo mara moja, usisubiri. Namba hizi hupigwa bure:

- Polisi: 999 au 112
- Msaada kwa watoto (Sauti): 116
- Msaada kwa wakimbizi: 0800 323232

Ziandike pia kwenye karatasi, kwa sababu simu inaweza kuisha chaji njiani.