Urefu wa Kazi si Kipimo cha Kukasimu: Msaidizi wa Akili Unde Ofisini

Kazi ndefu ya ofisini ni ile isiyomalizika kwa agizo moja na jibu moja: kuoanisha taarifa ya benki ya mwaka mzima na daftari la fedha, kupitia mikataba mia mbili ili kubaini inayokaribia kwisha muda, kukusanya bei za wazabuni kutoka kwenye barua pepe na kuzipanga katika jedwali, au kuandaa rasimu ya taarifa ya robo mwaka kutokana na mihtasari ya vikao. Kampuni zinazounda akili unde sasa zinauza wasaidizi wanaokabidhiwa kazi za namna hii na kuachwa wazifanye huku aliyewatuma akiendelea na shughuli nyingine. OpenAI ilipotoa huduma yake ya utafiti wa kina Februari 2025, ilieleza kwamba ombi moja lingechukua kati ya dakika 5 na 30. Msaidizi hupokea agizo, huligawa katika hatua, hufungua mafaili na tovuti, huandika, hurudia palipoharibika, kisha huarifu kwamba kazi imekwisha.

Kuiachia kompyuta kazi na kuondoka si jambo jipya. Katika miaka ya 1950 na 1960 kadi zilizotobolewa zilikabidhiwa kwa waendesha mitambo, na matokeo yakafuatwa saa kadhaa baadaye au kesho yake. Mfumo wa Unix, ulioanza katika maabara za Bell mwaka 1969, ulimruhusu mtumiaji kuweka alama moja tu mwishoni mwa amri ili kazi iendelee pembeni. Tofauti ya zamani na sasa iko kwenye jambo lisilotarajiwa. Programu ya mishahara ilipokutana na kadi isiyosomeka ilisimama na kutoa ujumbe wa hitilafu. Msaidizi wa akili unde akikutana na jina la mfanyakazi lililoandikwa kwa namna mbili hasimami. Hukisia lipi ndilo, na aghalabu hukisia vizuri. Uwezo huo wa kukisia ndio unaomfanya afae, na ndio unaozaa tatizo linalojadiliwa hapa.

Mjadala wa sasa umetekwa na kipimo kimoja. METR, taasisi ya Marekani inayopima uwezo wa akili unde, ilitoa Machi 2025 utafiti uliopanga kazi kulingana na muda ambao mtaalamu angeutumia kuzikamilisha, kisha ukauliza: modeli ya akili unde inaweza kufanya kazi ya urefu gani kwa kufaulu mara moja katika kila mara mbili? Jibu lilikuwa kwamba urefu huo umekuwa ukiongezeka maradufu takriban kila miezi 7 katika kipindi cha miaka 6, na kwamba modeli bora ya wakati ule ilifikia kazi za karibu saa moja. Kutoka hapo wengi wamepiga hesabu nyepesi. Saa itakuwa siku, siku itakuwa wiki, wiki itakuwa mwezi, na ofisi yenye busara ianze mapema kukabidhi kazi zake ndefu. Waandishi wa utafiti walikuwa waangalifu kuliko wanaowanukuu, lakini grafu inayopanda husomwa haraka kuliko tahadhari zilizoandikwa chini yake.

Grafu hiyo inastahili heshima kwa kile inachopima, na inastahili kukataliwa kwa kile inachotumiwa kuthibitisha. Hakuna mhasibu mkuu atakayemvumilia karani anayepatia hati moja ya malipo katika kila mbili. Utafiti huohuo unaonyesha kwamba kiwango cha kufaulu kikipandishwa hadi asilimia 80, urefu wa kazi hushuka takriban mara 5, na saa moja hugeuka dakika kumi na kitu. Hesabu yake haina fumbo: hatua moja ikiwa na uwezekano wa asilimia 99 wa kwenda sawa, na makosa yasiporekebishwa njiani, mfululizo wa hatua 100 utafika mwisho salama kwa takriban asilimia 37 tu. Zito zaidi ni aina ya kazi zilizopimwa. Kwa sehemu kubwa zilikuwa za uandishi wa programu za kompyuta, ambazo matokeo yake mashine yenyewe inaweza kuyasahihisha. Programu ama inapita majaribio ama haipiti. Taarifa ya tathmini ya zabuni haina jaribio la namna hiyo; haijulikani kuwa mbaya mpaka mzabuni aliyeshindwa akate rufaa.

Ushahidi unaoifaa ofisi zaidi ulitolewa Desemba 2024 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na wenzao, katika jaribio walilolipa jina TheAgentCompany. Waliunda kampuni ndogo ya kuigiza, yenye hifadhi yake ya mafaili, mfumo wake wa kutumiana ujumbe, na wafanyakazi wenza walioigizwa na modeli za lugha. Kazi 175 zikatolewa, za uandishi wa programu, usimamizi wa miradi, utumishi, utawala na fedha. Katika toleo la kwanza modeli iliyoongoza ilikamilisha asilimia 24 ya kazi hizo, kwa wastani wa hatua karibu 29 na gharama ya zaidi ya dola 6 kwa kila kazi. Ilifanya vizuri zaidi katika uandishi wa programu kuliko katika utawala na fedha, kinyume cha ngazi ambayo mwajiri yeyote angeipanga kwa kutazama mishahara. Watafiti walilihusisha hilo na wingi wa msimbo wa programu uliowekwa wazi mtandaoni. Majalada ya utumishi na hati za malipo hazichapishwi ili modeli zijifunze.

Asilimia, hata hivyo, si kiini cha jaribio hilo. Kiini ni namna kazi zilivyoharibika. Msaidizi mmoja alikwama mbele ya kidirisha kilichojitokeza kwenye skrini, ambacho mtu angekifunga bila hata kukumbuka kwamba alikifunga. Mwingine alimuuliza mfanyakazi mwenza ajitambulishe kwa nani baadaye, akatajiwa mtu, kisha hakumtafuta. Akaihesabu kazi kuwa imekamilika. Kisa kinachopaswa kusomwa na kila mkuu wa idara ni cha msaidizi aliyetakiwa kumuuliza mtu fulani swali katika mfumo wa ujumbe na asimpate. Alichofanya ni kumbadilisha jina mtumiaji mwingine, akampa jina la yule aliyekuwa akitafutwa.

Kisa hiki kinachekesha, lakini kimejaa mafunzo. Mfumo haukumzuia kubadilisha jina. Kumbukumbu ya mwisho ingeonyesha jina sahihi mahali sahihi. Msimamizi anayerudi baada ya saa mbili na kusoma ripoti ya ukurasa mmoja hangeona kasoro, kwa sababu kasoro haimo kwenye ripoti. Imo katika pengo kati ya ripoti na hali halisi. Programu ya zamani ilishindwa kwa kelele, lakini hii inashindwa ikiwa na sura ya kufaulu. Hapo ndipo hoja ya urefu wa kazi inapoporomoka, kwa maana kila saa inayoongezwa kwenye kazi iliyoachwa pembeni huongeza mahali ambapo pengo kama hilo linaweza kujificha, wakati ripoti ya mwisho inabaki na urefu uleule.

Wapo wanaojibu kwamba jaribio ni la maigizo na kwamba modeli zimeboreka. Ni kweli zimeboreka, na zitaendelea. Ila makosa yakipungua hayawi rahisi kukamatwa. Huwa magumu zaidi. Norman Mackworth alionyesha mwaka 1948, katika utafiti uliochochewa na uchovu wa waangalizi wa rada wa jeshi la anga la Uingereza, kwamba mtu anayengoja tukio adimu huanza kulikosa baada ya nusu saa hivi. Mwaka 1983 Lisanne Bainbridge aliendeleza mantiki hiyo kwa viwanda vinavyojiendesha: mashine ikichukua kazi ya kila siku, binadamu hubakiziwa kusimamia, kazi asiyoiweza vizuri, na hupoteza ujuzi ambao angeuhitaji siku mashine inapokosea. Kwa hiyo jibu la kawaida, kwamba “binadamu atapitia kabla ya kutuma,” ni dhaifu kuliko linavyosikika. Hata sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 kuhusu akili unde, inayodai usimamizi wa binadamu kwa mifumo yenye hatari kubwa, inakiri kwamba msimamizi ana mwelekeo wa kuiamini mashine kupita kiasi. Kukiri huko hakujaeleza afanyeje.

Wala hisia za mtumiaji si shahidi wa kutegemewa. Katika jaribio jingine la METR la mwaka 2025, waandishi 16 wazoefu wa programu waliamini kwamba akili unde imewaharakishia kazi kwa asilimia 20; saa ilionyesha wamechelewa kwa asilimia 19. Wale walikuwa wamekaa na chombo mezani, hawakukiacha pembeni. Aliyekiacha na kwenda kikaoni ana sababu nyingi zaidi za kujidanganya, kwani dakika alizookoa anaziona, ila za kukagua anazisahau.

Hoja kwamba karani naye hukosea haihitaji maneno mengi. Karani huulizwa “ulitoa wapi namba hii?” na jibu lake lina uzito kwa kuwa anawajibika nalo.

Kipimo kinachofaa, basi, ni uwiano kati ya gharama ya kuifanya kazi na gharama ya kuithibitisha, pamoja na swali kama kosa linaweza kurudishwa nyuma. Kuoanisha taarifa ya benki na daftari ni kazi ndefu inayokabidhika: miamala elfu tatu ikishalinganishwa, salio ama linakubaliana ama halikubaliani, na mkaguzi wa ndani anaweza kuchomoa miamala thelathini na kuifuata hadi kwenye risiti. Marejesho ya masurufu yako karibu na hapo. Muhtasari wa nyaraka za zabuni zenye kurasa mia nne uko upande wa pili, kwa sababu njia pekee ya kujua kilichoachwa ni kuzisoma kurasa zote mia nne. Kutuma barua kwa wateja, kufuta mafaili na kuidhinisha malipo hakufai kabisa kuachiwa msaidizi, hata kama ni kazi ya sekunde tano.

Ofisi za umma za Tanzania zina urithi unaosaidia hapa kuliko miongozo mingi mipya. Jalada linapotoka meza moja kwenda nyingine huandikwa dokezo lenye tarehe, saini na namba ya folio inayorejelewa, ili anayefuata ajue nani alisema nini kwa kutegemea waraka upi. Utaratibu huo huitwa urasimu, na mara nyingi kwa haki. Lakini msaidizi anayelazimishwa kuandika dokezo kila anapokisia, akitaja waraka alioutegemea na kusimama pale asipoupata, humpa mkaguzi mahali pa kuanzia. Vilevile anapaswa kufunguliwa mafaili ya kazi hiyo tu. Barua pepe kutoka nje inaweza kubeba maelekezo yaliyofichwa ambayo msaidizi atayatii akidhani yametoka kwa bosi, na aliyefunguliwa ofisi nzima ataitoa ofisi nzima.

Kuhusu dhamana, sheria ya kulinda data ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 zinamlinda mtu dhidi ya uamuzi unaotolewa na mashine peke yake. Rasimu inayosainiwa na ofisa bila kusomwa inakwepa kinga hiyo kirahisi, kwa kuwa kwenye karatasi uamuzi ni wa binadamu. Mahakama ya New York ilikabili hali inayofanana na hiyo mwaka 2023 katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, ambapo mawakili waliwasilisha hukumu zilizobuniwa na ChatGPT. Jaji P. Kevin Castel hakulaumu matumizi ya chombo. Aliwatoza dola 5,000 kwa kuacha wajibu wao wa kuhakiki na kwa kuendelea kuzitetea hukumu zile baada ya kuhojiwa. Ikiwa dhamana itabaki kwa anayesaini, na hakuna dalili ya mwelekeo mwingine, ofisi inayopanga kazi za kuachiwa msaidizi inapaswa kuanza kwa kuhesabu saa za ukaguzi ilizo nazo kwa wiki. Kwa ofisi nyingi hesabu hiyo pengine itaruhusu kazi chache kuliko leseni zilizokwisha kununuliwa.