Mkono wa trekta si panga: historia fupi ya chuma cha jua kali Nairobi

Leo tuache kompyuta kidogo tuingie karakana. Swali ni hili: fundi wa Kawangware au Kangemi akiletewa kazi ya kutengeneza mikono ya kuinulia plau ya trekta, achukue chuma gani? Jibu jepesi ni springi ya lori, kwa sababu ni ngumu. Jibu hilo lina historia ndefu, na hapa linaweza kuua mtu.

Tuanze na trekta yenyewe. Zamani plau ilikokotwa nyuma kama mkokoteni. Harry Ferguson wa Ireland alipata hataza mwaka 1926 kwa wazo la kuifanya plau na trekta ziwe kitu kimoja. Trekta yake ya TE20, iliyoundwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, ilitoka zaidi ya 500,000. Plau inashikwa mahali patatu: fimbo mbili za chini zinavuta, moja ya juu inazuia isipinduke. Juu yake kuna mikono miwili mifupi inayozungushwa na haidroliki, nayo ndiyo inayoinua. Siku hizi vipimo vimewekwa katika kiwango cha ISO 730: pini za chini ni milimita 22 hivi kwa trekta ndogo, 28 hivi kwa za wastani. Sisi waandika programu tunajua faida ya mpango kama huo: ukifuata vipimo, kifaa chako kitaingia kwenye trekta ya mtu yeyote. Ila pini kuingia si sawa na mkono kubeba.

Sasa chuma. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na pamoja nayo karakana na vyuma chakavu. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilianzisha chuo cha ufundi Kabete, magharibi mwa mji, ambacho leo ni Kabete National Polytechnic. Magari yalipoongezeka, barabara ya Grogan katikati ya mji, ambayo sasa ni Kirinyaga Road, ikawa makao ya gereji na vipuri. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwafanya wachumi wa dunia nzima waanze kuzungumzia sekta isiyo rasmi. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji na kuwaahidi vibanda, na jina jua kali likaanza kutumika hata katika nyaraka za serikali.

Miaka hiyo yote springi chakavu ilikuwa mali. Ina kaboni ya asilimia 0.6 hivi. Ukiipasha moto na kuizamisha ghafla inakuwa ngumu, na ukiipasha tena kidogo inapunguza wepesi wa kuvunjika. Ndiyo maana inatoa panga na patasi nzuri. Kwa kitu chenye makali, mafundi walikuwa sahihi kabisa.

Lakini mkono wa trekta hauna makali. Kazi yake ni kubeba, tena kwa mshtuko, trekta ikipita kwenye mtaro plau ikining'inia. Na kwa kuwa nguvu ya kuinua hushika fimbo ya chini katikati, si mwishoni, mkono hubeba nguvu kubwa kuliko uzito wa plau. Ukichomelea springi kwa umeme, sehemu iliyo kando ya mshono hupoa haraka na kuwa kama kioo. Ufa huanza hapo bila kuonekana. Siku moja mkono unakatika ghafla, na huenda kuna mtu amechuchumaa chini ya plau akifunga bolti.

Chuma laini, chenye kaboni ya asilimia 0.2 hivi, hupinda kwanza. Kupinda ni onyo, kama programu inayotoa ujumbe wa kosa badala ya kuzima na kupoteza data. Ni kweli kwamba nguvu yake ni ndogo: hufikia megapaskali 250 hivi kabla ya kupinda, wakati springi iliyotiwa moto vizuri hupita 1,000. Dawa yake ni umbo. Bapa lililosimamishwa wima, ukiongeza kimo chake mara mbili, linahimili mara nne.

Kwa hiyo nunua bapa jipya dukani, ujue umenunua nini. Kama ni lazima utumie chakavu, kiguse kwenye jiwe la kusagia: cheche ndefu zisizopasuka sana ni chuma laini, zinazopasuka kama fataki ni kaboni nyingi. Nondo kuukuu usiiamini.

Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, kisha ikairuhusu tena mwaka huohuo. Chakavu hakiji na cheti, na kwa mkono wa trekta cheti ni muhimu kuliko ugumu.